Msifagie Ghala

Tangazo lilibandikwa Jumapili, watu wakiwa kanisani. Walipotoka misa walilikuta kwenye mlango wa ghala: karatasi moja, mhuri mmoja, mistari sita. Ghala la kijiji cha Kilumbi, ambalo kwenye makaratasi lilikuwa mali ya chama kikuu cha ushirika kilichokwisha kufa, lingeuzwa kwa mnada tarehe thelathini Septemba pamoja na mali nyingine za chama "zisizotumika".

Bertilla alisoma mara mbili. Mara ya pili alifuata maneno kwa kidole, na kidole kikasimama kwenye neno la mwisho. Nyuma ya mlango ule, hatua mbili kutoka alipokuwa, yalilala magunia zaidi ya mia nne, mali ya kaya sabini, na thelathini na moja kati ya hayo yalikuwa yake na mumewe.

"Soma kwa sauti, mama mwenyekiti," alisema Agnesi, jirani yake, kwa upole uliouma kuliko ukali. "Wengine macho yetu hayafiki. Zisizo nini?"

"Zisizotumika."

"Ahaa. Basi ufagio wako umezaa."

Watu wakacheka, kicheko cha watu wasio na furaha.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaka uliotangulia, mwezi wa nane, alitumwa mtaalamu kukagua mali za ushirika, kwa kuwa benki ya mataifa iliyokuwa ikiikopesha serikali ilitaka ijulikane kipi kibaki na kipi kiuzwe. Habari za ujio wake zilifika Kilumbi siku tatu kabla. Bertilla, mwenyekiti wa kamati ya ghala, alifanya kile ambacho mama yake angefanya, na bibi yake pia: mgeni hakaribishwi kwenye vumbi. Aliamuru magunia yote yatolewe. Siku mbili mkokoteni wa Masunga ulikwenda na kurudi ukisambaza mahindi majumbani. Kuta zikapakwa chokaa, sakafu ikafagiwa na kupigwa deki, viti vikaazimwa parokiani, meza ikatandikwa kitambaa chenye maua. Mtaalamu alikaa dakika arobaini. Alikunywa soda, akala paja la kuku, akasifu usafi. Kisha akaandika alichokiona: jengo zuri, tupu, ambalo wanakijiji hulitumia mara mojamoja kwa mikutano.

Hakusema uongo. Hilo ndilo lililomtafuna Bertilla zaidi.

Nyumbani, mumewe Yonas alivua koti la kanisani akalitundika polepole. Alikuwa mwashi. Mwaka sabini na nane yeye na vijana wenzake ndio waliofyatua na kuchoma matofali ya ghala lile, bila kulipwa hata senti, kwa vile waliambiwa kuwa ni lao.

"Atalinunua Kornel," alisema.

"Najua."

"Mwenye Fuso mbili hashindwi mnada."

Kornel alikuwa mfanyabiashara wa mjini Sumbawanga. Wala hakuwa mtu mbaya. Aliamkia wazee na aliwahi kumpeleka mjamzito hospitalini kwa gari lake. Lakini mahindi aliyanunua kama wanavyonunua wengine. Alifika mwezi wa saba, mavuno yakiwa bado yamelala uani yakinyemelewa na mvua isiyo ya msimu, akataja bei yake, na gunia alilitaka la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu mpaka likafanana na mama mwenye mimba ya mapacha. Mwenye pa kuhifadhi alimwambia arudi mwezi wa kwanza, bei ikishapanda. Asiye na pa kuhifadhi alifungua mlango na kupokea alichopewa. Tofauti ya watu wa Kilumbi na vijiji vya jirani ilikuwa ni jengo lile moja.

"Mama Herieth," Yonas alimwambia mkewe, bila kumtazama. "Siku ile nilikwambia magunia yabaki."

"Ulisema."

"Nilisema mara moja tu. Ningesema mara mbili."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote ya lawama, na alijiwekea nusu.

Kijiji hakikuwa karimu kama Yonas. Alhamisi, zamu ya sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwa Bertilla. Alipiga deki, akaweka msalaba mezani, akasubiri, halafu akasikia nyimbo zikitokea nyumba ya pili. Wiki iliyofuata alipika pombe ya ulezi na kualika watu ishirini waje kumsaidia kupura, kama ilivyo desturi. Walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa Masunga, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake miaka kumi nyuma, ambaye hata hakuwa mnywaji.

"Mama, pombe hii yote atainywa nani?" aliuliza Masunga.

"Itachacha."

"Iache ichache. Ulezi tutaumaliza." Akainua fimbo ya kupuria. "Kwetu mtu akichekwa, tunangoja. Wachekaji huwa wanachoka."

Walipura siku tatu kazi ya asubuhi moja.

*

Mheshimiwa Lydia alifika mwishoni mwa Agosti kwa gari la kuazima lililokuwa na matope mpaka kwenye vioo. Alikuwa mbunge wa viti maalumu, zamani mwalimu wa shule ya msingi huko Izia, na alikuwa bado anashika karatasi kama mtu anayetaka kusahihisha. Baada ya mkutano wa kijiji, ambao watu waliongea wote kwa pamoja, alitembea kwa miguu mpaka kwa Bertilla.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mheshimiwa."

"Mwanangu inatosha."

Alikaa kwenye kigoda, akafungua mkoba, akamwonyesha ripoti ya mtaalamu. Ukurasa wa hamsini na tatu. Kilumbi ilikuwa na mistari miwili tu.

"Niko kwenye kamati ya Bunge inayoangalia mambo ya fedha," alisema Lydia. "Orodha hii nimeipigia kelele mwaka mzima. Nikiwauliza Wizara, wananiambia orodha ni ya wakopeshaji. Nikiwauliza wakopeshaji, wananiambia orodha ni ya serikali yenu. Mama, nimekimbia na mpira huu mpaka viatu vimeisha."

"Sasa nani ana nguvu ya kufuta mistari miwili?"

"Wakikaa mahali pamoja, wanaweza. Tatizo hawakai pamoja." Lydia akakunja karatasi. "Upo umoja wetu sisi wabunge, wa nchi zinazokopa na wa nchi zinazokopesha. Tunakutana na wakubwa wa benki, tunawahoji. Wengi wa wenzetu wa Ulaya hawajui fedha wanazopitisha bungeni kwao zikifika huku zinakuja na masharti gani. Safari hii nikawaambia, msinihoji mambo ya wakulima kwenye hoteli yenye kiyoyozi. Wanakuja sita, na ofisa wa benki, na mtu wa Wizara. Rukwa wana siku moja. Nimewaambia ni Kilumbi."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa kiatu cha mheshimiwa, akaenda zake.

"Unataka tuandae nini?" Bertilla aliuliza.

"Nimekuja kukuuliza wewe."

"Mimi ndiye niliyeandaa mara ya kwanza, mwanangu. Watu hawajakwambia?"

"Wameniambia. Agnesi ameniambia mara tatu." Lydia alitabasamu, kisha akaacha. "Mwaka ninaanza kufundisha, alikuja mkaguzi. Nikawafukuza darasani watoto wote wasiojua kusoma ili nisiaibike. Mkaguzi akaandika kwamba shule ina watoto wachache, madawati yapunguzwe. Kwa hiyo usinielezee."

Bertilla alicheka, kwa mara ya kwanza tangu tangazo. Halafu akasema jambo ambalo lilikuwa limemkaa kooni wiki tatu.

"Safari hii hatutaandaa kitu."

*

Kusema ni rahisi. Siku nne kabla ya ugeni, mtendaji wa kijiji, kijana aliyeitwa Leonsi, alikuja ghalani na barua ya wilaya mkononi na jasho usoni.

"Mama mwenyekiti, naomba funguo. Wilaya wanataka mkutano ufanyikie humu ndani. Viti, kitambaa, maua. Magunia yakae majumbani siku moja tu."

"Leonsi, mwanangu, umesikia ninavyosemwa kijijini kwa ajili ya ule ufagio?"

"Nimesikia."

"Unataka na wewe usemwe hivyo?"

"Mama, hawa ni wabunge wa mataifa. Humu kuna panya. Kuna tandabui zinaning'inia kama nguo za wachawi. Mkuu wa wilaya akiona, mimi sina kazi." Alikuwa na mkataba wa miezi sita na watoto wanne, na sauti yake ilijua vyote viwili. "Basi angalau tufagie. Tutoe tandabui tu."

"Hapafagiwi."

"Hata mlangoni?"

"Hata mlangoni. Hakuna kitakachotoka wala kuingia humu mpaka wafike. Walikute lilivyo."

Leonsi alikwenda kwa Masunga kuulizia mkokoteni, akidhani vijana wangeweza kuvunja kufuli wakiamriwa.

"Umevunjika," alisema Masunga.

"Jana nimeuona ukipita."

"Jana ulikuwa mzima. Leo nimeng'oa gurudumu, nalipaka grisi."

"Utamaliza lini?"

Masunga alilitazama gurudumu kwa makini ya fundi. "Wageni wakishaondoka."

Aliporudi ghalani, Leonsi alimkuta Yonas ameketi kwenye kizingiti, mgongo ukiegemea mlango, anachonga mpini wa jembe. Yonas alisogeza miguu kidogo, kwa adabu, kama vile kumpisha mtu, ila hapakuwa na pa kupita. Alikaa hapo siku hiyo hadi jua lilipozama, na kesho yake, na keshokutwa. Mpini ulikuwa umeshakuwa mwembamba kama fimbo ya mwalimu. Siku ya tatu Bertilla alimpelekea ugali, akaketi kando yake, wakala pamoja mbele ya kijiji kizima. Agnesi alipita na ndoo yake ya maji. Aliporudi, alipita njia ileile, akaacha kikombe cha maji pembeni ya Yonas.

*

Magari matatu yaliingia saa nne asubuhi. Wageni walishuka wakijipangusa vumbi: mama mrefu kutoka Ghana aliyevaa kitambaa cha rangi ya dhahabu, Mdenmaki mwenye ngozi iliyoiva kwa jua, Mkenya, na wengine watatu. Ofisa wa benki alikuwa Mzungu mpole mwenye miwani na jalada nene. Mtu wa Wizara alivaa suti, akasimama mbali kidogo na jalada lile, kama vile linaweza kumwambukiza.

Walitafuta viti kwa macho. Havikuwapo.

Lydia alisalimia, akaeleza kwa maneno machache, akamgeukia Bertilla. Bertilla alifungua kufuli. Mlango ulilia, na harufu ya mahindi makavu ikawapiga usoni, harufu nzito na ya joto, yenye panya ndani yake. Magunia yalipanda toka sakafuni mpaka kwenye kenchi za paa. Palikuwa na njia moja tu katikati, ya upana wa mtu mmoja mwembamba. Ofisa wa benki alipiga chafya mara tatu.

Alifungua jalada, akatafuta ukurasa wa hamsini na tatu, akasoma, akatazama juu, akasoma tena. Alisema kitu kwa Kiingereza. Lydia alitafsiri bila kuongeza wala kupunguza.

"Anasema ripoti yao inaonyesha jengo hili lilikuwa tupu."

"Mwambie ripoti yake ni ya kweli," alisema Bertilla. "Lilikuwa tupu. Mimi ndiye niliyelifanya tupu. Tulisikia mgeni anakuja, tukatoa chakula chetu ili yeye apate pa kukaa. Tukampikia na kuku."

Lydia alipotafsiri, mama wa Ghana aliangua kicheko cha kutoka tumboni, akapiga paja. Akasema jambo, Mkenya naye akacheka. "Anasema hata kwao wangefanya hivyo hivyo," Lydia alinong'ona.

Lakini ofisa wa benki hakucheka. Alifikiri kwanza. Kisha akauliza swali lake, kwa heshima, na watu wote waliona sura ya Lydia ikibadilika kabla hajalitafsiri.

"Anasema samahani sana. Anasema, kama mliweza kutoa kila kitu kwa siku mbili kwa ajili ya mgeni, atajuaje kwamba hamkulijaza kwa siku mbili kwa ajili ya hawa?"

Mtu wa Wizara alitazama saa. Leonsi alifumba macho. Lilikuwa swali la haki. Bertilla mwenyewe, kama angekuwa yeye, angeliuliza. Alisimama katika ile njia nyembamba, akitazama magunia aliyoyajua moja moja, ya mjane fulani, ya katekista, ya kwake. Alifikiri: nimeshindwa mara ya pili. Akainua mkono kushika gunia lililokuwa karibu, ili asimame vizuri, na mkono wake ukanasa.

Aliutazama. Utando wa buibui ulikuwa umemkamata kiganja, mzito, wa kijivu, wenye vumbi la miezi. Ulitoka kwenye gunia, ukapanda ukutani, ukavuka hadi kwenye kenchi, ukarudi kwenye gunia jingine. Kila gunia lilikuwa limefungwa kwa jirani yake namna hiyo, na kwa ukuta, na kwa paa, kama vitu vilivyoshonwa.

"Mwambie aje hapa," alisema Bertilla, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Aje ashike. Amuulize buibui amekaa hapa siku ngapi. Mimi naweza kudanganya, na mume wangu anaweza. Huyu hakujua kama kuna wageni."

Ofisa aliingia kwa ubavu, tumbo limebanwa. Alishika utando kwa vidole viwili, akauvuta. Ulinyooka, ukakatika, ukaacha vumbi kwenye miwani yake. Akashika mwingine, chini zaidi. Mama wa Ghana alimfuata nyuma. Aliinama kwenye safu ya chini, akapapasa magunia yaliyokuwa yamebonyea na kuchukua umbo la sakafu, akaongea haraka, kidole kikimwelekea ofisa.

"Anasema mama yake aliuza nafaka Kumasi miaka thelathini," Lydia alitafsiri, na sasa alikuwa hawezi kuficha furaha. "Anasema gunia la jana halilali hivi. Hili limelala toka mavuno. Anasema yeye kama mbunge anataka iandikwe kwamba ameshika kwa mkono wake."

Ofisa alitoka nje akiwa na mvi za buibui kichwani. Akavua miwani, akaifuta. Aliposema, alisema kwa Kiswahili cha kujikongoja ambacho hakuna aliyejua kuwa anacho.

"Mama. Tulikosea."

Hapo Lydia hakungoja. Alikuwa amengoja mwaka mzima.

"Vizuri. Sasa niko na wote wawili," alisema, akamwita mtu wa Wizara asogee. "Ndugu yangu, kwenye kamati uliniambia orodha ni yao. Nao waliniambia ni yenu. Leo hakuna ofisi ya kumpeleka mtu. Benki ina pingamizi ghala hili likitolewa kwenye orodha?"

Ofisa alitikisa kichwa. "Hatuna pingamizi."

"Wizara?"

Mtu wa suti alikohoa. "Kama wao hawana, mheshimiwa, sisi... suala hili lina utaratibu wake."

"Utaratibu tunaujua, maana tuliupitisha sisi. Nauliza pingamizi."

Mdenmaki akauliza jambo kwa ukali mdogo, akiwa ameshika kalamu. Lydia akalitafsiri kwa kijiji kizima: yeye atakaporudi kwao, bunge lake litamuuliza nani alikataa, na angependa kupata jina na herufi zake sawasawa.

"Hatuna pingamizi," alisema mtu wa Wizara.

Meza haikuwapo. Lydia aliandika mistari minne kwenye daftari lake, akaigeuza migongo ya wabunge wenzake kuwa meza. Ofisa wa benki alitia sahihi mgongoni kwa Mkenya, mtu wa Wizara mgongoni kwa Mdenmaki, na wabunge sita wakatia zao kama mashahidi. Wanawake wa Kilumbi walianza kupiga vigelegele kabla kalamu haijafungwa, na Agnesi ndiye aliyeanza. Yonas alisimama pale pale mlangoni, akapitisha kiganja kwenye matofali, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Kabla ya kuondoka, mama wa Ghana alimuuliza Bertilla kwa ishara kama kuna chakula. Hakikuwapo. Hawakuandaa kitu. Bertilla alibabaika, akakumbuka kuna viazi vya jana nyumbani. Vikaletwa baridi, kwenye sufuria, vikaliwa kwa mikono, wamesimama, na ofisa wa benki akaomba cha pili.

*

Barua rasmi ilikuja Novemba ikiwa na mhuri mkubwa kuliko ule wa tangazo: ghala la Kilumbi ni mali ya wakulima wa Kilumbi. Vilevile Wizara ilikuwa imeamriwa na kamati ya Bunge kurudia ukaguzi wa maghala mengine kumi na tisa ya mkoa, na safari hii wakaguzi wafike bila kutoa taarifa. Leonsi aliisoma mkutanoni, akapata mkataba mpya. Bertilla alichaguliwa tena mwenyekiti. Agnesi ndiye aliyempendekeza, akisema kwamba mtu akishakosea kosa kubwa namna ile, dogo hawezi tena.

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea na unga ukiwa adimu mpaka Kasesya, Fuso la Kornel lilipanda mlima likiteleza, likasimama mbele ya ghala. Kornel alishuka, akaamkia wazee, akajipangusa viatu. Ndani, kamati ilikuwa imekaa juu ya magunia inakunywa chai.

Kornel alisimama kizingitini. Alizoea kuanza kwa kutaja bei yake. Alifungua mdomo, akatazama safu zilizopanda mpaka kwenye kenchi, akatazama nyuso zile zisizo na haraka, akaufunga. Kisha akavua kofia.

"Mama Bertilla," alisema. "Mwaka huu mnauza bei gani?"

Hakuna mnunuzi aliyewahi kuuliza swali hilo Kilumbi. Bertilla alimtazama Yonas, Yonas akamtazama Masunga, na Masunga akatazama chai yake ili asicheke.

"Karibu ndani, Kornel," alisema Bertilla. "Ukae kwanza. Tunalijadili."